Mratibu Asiyeegemea Upande

Mratibu wa mradi, ambaye kazi yake ni kuwalea watafiti chipukizi wa fani tofauti wafanye kazi pamoja, kila akitamka "ushirikiano" hufumbata vidole vyake laini kama anayefunga kabati. Huongea taratibu, suruali yake haijui doa, na ukimuuliza jambo hukuuliza wewe unalionaje. Juzi huko delta, Faudhia wa sosholojia alikuwa anawawahi wanawake waliokubali kumweleza kwa nini wanaacha mashamba ya mpunga, kwani adhuhuri wangeondoka. Gharibu, mtaalamu wa maji, alitaka kwanza wakapime chumvi mlangoni mwa kijito. Mratibu hakumkatalia yeyote. Aliagiza injini ya boti yao izimwe ili wasikilizane, akawaomba kila mmoja aisifu fani ya mwenzake. Walipomaliza kusifiana, maji yalikuwa yameshakupwa na boti imekaa juu ya tope.

Wakashuka kusukuma. "Kumbe hiyo chumvi yako ndiyo inayoua mpunga na kuwafukuza wanawake wangu," Faudhia alisema akihema.

"Basi twende kwao, nitapimia hukohuko shambani."

Boti haikutikisika. "Mzee, shuka basi, uzito wote ni wewe!" Hemedy nahodha alifoka.

Mratibu alifumbata vidole. "Nikishuka, ndugu zangu, nisukume upande wa nani?"

Faudhia aliviacha viatu topeni akashika njia ya mashambani kwa miguu, Gharibu nyuma yake na kipimo begani. Mikokoni walisikia ile sauti ya taratibu ikimweleza Hemedy: "Umeona? Ndivyo wanavyolelewa."