Gauni Lililotuzuia Kasubi

Mwaliko uliletwa na askari. Aligonga mlango wetu wa Kasubi asubuhi, akamkabidhi mama bahasha, akasema binti wa mkubwa wake anatimiza miaka minane Jumamosi na anataka rafiki yake aje. Rafiki huyo nilikuwa mimi. Tulikuwa tukikaa dawati moja shuleni, basi.

Mama alishukuru. Alipofunga mlango alikaa muda mrefu na bahasha mapajani bila kuifungua.

Baba hakuwepo. Alikuwa karani katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja mjini. Wahindi walipofukuzwa nchini, duka likapewa mwanajeshi, na baba akaanza kuulizwa habari za majora ya nguo ambayo hakuyachukua. Siku moja akapanda basi kwenda Mombasa kwa ndugu za babu, amevaa kanzu na kofia kama mtu anayekwenda msibani. Mama nami tulikuwa tumfuate shule zikifungwa, na kikapu kimoja tu, tusije tukashukiwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

"Nisiende," nilimwambia mama.

"Usipokwenda watauliza kwa nini. Ukienda hawatauliza kitu."

Tatizo lilikuwa nguo. Hata Kikuubo, mtaa wa biashara mjini, wenye maduka walikaa mbele ya rafu tupu. Gauni langu la Idi lilikuwa limenipanda juu ya magoti, na siku hizo mwanamke alikamatwa barabarani kwa magoti yake. Mimi nilikuwa mtoto, lakini mama hakutaka kubahatisha.

Akafungua sanduku, akatoa gomesi yake, lile vazi refu la heshima, ya hariri ya rangi ya zambarau, aliyovaa siku aliyopelekwa kwa wakwe. Aliifumua kwa wembe, mshono mmoja mmoja, na kila uzi uliotoka mzima aliuzungusha kwenye kijiti, maana uzi nao ulikuwa haupatikani. Mabegani hariri ilikuwa imepauka, kwa hiyo akaigeuza ndani nje. Sketi akaitia marinda, na ule mkanda mpana wa kiunoni ukatoa kola na utepe wa kufunga mgongoni.

Alishona kwa siku tatu. Nilisimama juu ya kigoda huku yeye, pini mdomoni, akinizunguka kwa magoti. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, alibana gurudumu la cherehani kwa kiganja, akasikiliza. Gari likipita, anaendelea. Likikawia, nasi tunakawia hivyo hivyo, mimi mikono juu.

Jumamosi alinifunga utepe, akaniambia, "Wakikuuliza limetoka wapi, sema lilinunuliwa zamani. Hujui duka gani."

"Ndiyo, mama."

Kwenye ile nyumba kulikuwa na keki na soda kreti kwa kreti, wakati kwetu chai tulikunywa bila sukari. Nilipiga magoti kumwamkia mama wa binti. Alikuwa mwanamke mnene wa kaskazini, sauti yake laini. Aliniinua, akashika pindo la gauni, akalipindua kuangalia mshono wa ndani, kisha akawaita wanawake wenzake waone. Walinigeuza huku na huku. Maishani mwangu sikuwahi kutazamwa vile.

"Nani nashona hii?" akauliza.

"Mama," nikasema.

Jumatatu gari lake lilisimama mlangoni kwetu. Askari akashusha majora manne ya kitambaa, yeye akaketi kwenye kiti cha baba.

"Mimi natafuta fundi siku mingi," alisema. "Wote nakimbia. Wewe hapana kwenda popote?"

"Niende wapi, nyabo?" mama akajibu kwa heshima. Kikapu chetu kilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka alipokaa.

Siku ya safari ikafika, ikapita. Gari lilikuja kila wiki, likileta vitambaa na wake wa maofisa wengine, wakati mwingine na mchele na sabuni. Majirani waliokuwa wakituazima chumvi waliinama chini tukipita, na tukiingia dukani, watu walikatiza mazungumzo. Hatukuwa wa wale, wala hatukuwa tena wa hawa. Mara moja mama aliomba ruhusa kwenda kuzika Mombasa. Yule mke wa mkubwa akakubali papo hapo. "Mtoto nabaki na mimi hapa," akasema. Mama hakuomba tena.

Mimi nilijua kosa ni langu. Mwaka wa pili, nikimsaidia kukata nyuzi, nilimwambia. Nilisema niliambiwa cha kusema nikakisahau. Na baadaye nikasema kweli zaidi, kwamba sikusahau.

Mama aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono.

"Gauni la siku moja lilitosha kupigwa mshono mkubwa tu, nikakuvalisha, ukaenda," alisema. "Nililitia marinda ishirini. Ndani nikakunja kila mshono, mahali ambapo mtu haoni. Nilikuwa na hofu usiku na mchana, na bado mkono ulikataa kushona vibaya." Akakata uzi kwa meno. "Nilitaka mtu aulize."

Tulikaa hivyo miaka mingi, mpaka vita vilipofika mjini na maofisa wakakimbia. Yule mama aliondoka bila kuaga, akaacha kwetu blauzi mbili ambazo mikono ilikuwa haijashonwa. Mabasi yaliporudi barabarani tulisafiri, safari hii na masanduku yote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitutazama.

Baba alitungoja kituoni Mombasa. Ndevu zake zilikuwa nyeupe. Alimshika mama mkono, kisha akanigeukia mimi, msichana mrefu kama mama yangu, akanisalimu kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni. Ilimchukua siku mbili kuniita mwanangu.