Kimya cha Mwalimu Ehe

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ehe, naye alijua, na wala hakukasirika. Miaka thelathini na mmoja alifundisha hisabati kwa neno hilo moja. Aliuliza swali, akasema "Ehe?", akaweka chaki mezani, akakunja mikono, akasubiri. Alisubiri mpaka nzi akatua, akatembea, akaruka tena. Walimu wenzake walimtania kwamba vipindi vyake vina mapengo mengi kuliko kinywa cha mtoto wa miaka saba. Yeye aliwaambia jibu likiharakishwa hutoka bichi, nao wakacheka, naye akaenda zake darasani.

Mwanzoni mwa muhula upepo uliezua paa la madarasa mawili. Mkuu wa shule akapanga zamu: kidato cha tatu waje Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine wafundishwe kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp. Mwalimu alibakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Kidato hicho alikianza tangu kidato cha kwanza, na nia yake ilikuwa moja tu: kukifikisha kwenye mtihani wa mwisho kwa mkono wake, kisha aage kwa amani. Kwa hiyo hakubisha. Alinunua bando, akaenda kwa mwalimu wa kompyuta.

Huyo alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, anamwita mama kwa heshima zote. Alimfundisha mchana wa siku mbili. Bonyeza hapa, shikilia, ongea, achia.

"Basi?" Mwalimu akauliza.

"Basi, mama. Hakuna uchawi."

Kweli haukuwapo uchawi. Nyumbani, mumewe, ambaye ni seremala, alimpakia kipande cha ubao rangi nyeusi, akakiegemeza kwenye ukuta wa uani. Mwalimu aliandika, akapiga picha, akaituma kundini, kisha akashikilia kile kitufe na kufundisha kwa sauti kama aliyesimama mbele ya watoto arobaini na wanne.

"Tatu mara eksi, jumlisha saba, ni sawa na thelathini na nne. Tunatoa saba pande zote mbili. Tatu eksi inabaki sawa na ngapi? Ehe?"

Akanyamaza. Akakunja mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Mumewe akasimamisha randa, akamtazama.

"Unamsubiri nani, mama watoto? Humo hamna mtu."

Mwalimu akamkazia jicho mpaka kimya kikaisha. "Vizuri sana, umepata!" akaiambia simu. "Ishirini na saba. Sasa tunagawanya kwa tatu..."

Alipomaliza ndipo akamgeukia mumewe. "Na wewe ukitaka kuuliza, unyooshe mkono."

Seremala alicheka mpaka akakaa juu ya mbao zake. Lakini kuanzia siku hiyo, kila alipoona simu inapelekwa mdomoni, aliweka randa chini bila kuambiwa. Huyo mume, jamani, ni wa kushukuru Mungu.

Sauti za Mwalimu zilifika dakika kumi na moja, na karibu nusu yake hakuna aliyesema kitu. Wazazi wakaanza kulalamika kwa mkuu wa shule. Mmoja alidhani simu yake mbovu, akaipeleka kwa fundi. Mwingine alisema bando linaliwa na hewa. Mkuu, ambaye malalamiko humpandisha presha, alimwita kijana wa kompyuta, na kijana kwa nia njema kabisa akachukua sauti za wiki nzima, akakata vimya vyote, akaziweka kundini badala ya zile ndefu. Dakika kumi na moja zikawa sita. Kundi likajaa vidole gumba.

Mkuu akamwita Mwalimu ofisini, akamsikilizisha moja.

"...sawa na ngapi? Ehe? Vizuri sana, umepata! Ishirini na saba. Sasa tunagawanya..."

Mwalimu alijisikia kama mtu anayejiuliza na kujijibu mwenyewe barabarani.

"Unaona ilivyo safi?" Mkuu alisema. "Mwalimu wangu, tusizunguke. Mwezi ujao nataka kijana akichukue kidato cha tatu, afundishe kwa hizi sauti fupi fupi. Wewe utabaki na kidato cha kwanza, wanaokuja kila siku. Si utapumzika?"

"Nimeomba kupumzika mimi?"

"Nakufikiria afya yako."

"Afya yangu haijalalamika," Mwalimu alisema, lakini sauti ilimtoka ndogo. Aliona haya. Alifikiri labda wana haki, labda miaka yote ile alikuwa anapoteza muda wa watoto wa watu akiuita kufundisha. Alirudi nyumbani kwa miguu, akaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Jumamosi asubuhi simu ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mwanafunzi mmoja, si kundini, kwake peke yake. Aliyeandika ni binti anayekaa dawati la dirishani. Mwalimu alimfahamu kwa mwandiko wake mdogo na alama zake za katikati. Kwa sauti hakumfahamu. Miaka miwili na nusu binti yule hakuwahi kunyoosha mkono, na akisimamishwa alitazama sakafu mpaka mwalimu yeyote akaona huruma akamkalisha. Kwenye "Ehe?" waliojibu walikuwa wale wale sita wa mbele.

Binti aliandika: "Shikamoo mwalimu. Naomba uturudishie zile ndefu. Hizi fupi sipati nafasi. Zile ndefu nilikuwa nafanya hivi." Chini yake palikuwa na sauti.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda, akaifungua. Alijisikia mwenyewe akitoka kwenye simu nyingine, katika chumba cha watu wengine, sufuria zikigongana kwa mbali.

"Eksi jumlisha kumi na mbili ni sawa na tano. Eksi ni ngapi? Ehe?"

Kikaja kile kimya chake. Ndani ya kimya, sauti nyembamba ikasema, "Saba."

"Vizuri sana, umepata!" ikajibu sauti ya Mwalimu.

"Hapana, mwalimu," sauti nyembamba ikasema haraka, ikicheka. "Nimekosa. Subiri. Ni hasi saba."

Sauti iliendelea. Maswali tisa, majibu tisa, na kila baada ya jibu Mwalimu yule wa kwenye simu alimsifu, na binti akasema "asante" taratibu. Mwalimu alilia waziwazi, aproni usoni. Mumewe alikuja mbio akidhani kuna msiba. Alipewa simu, akasikiliza mpaka mwisho, akarudisha, akaenda kusimama karibu na mbao zake bila kuzigusa.

Jumatatu, kwa ruhusa ya binti, Mwalimu aliiweka simu juu ya meza ya mkuu, akaifungua ile sauti. Kijana wa kompyuta naye alikuwapo.

"Huyu nani?" Mkuu aliuliza.

"Wa kidato cha tatu."

"Wangu? Wa hapa?"

Mwalimu alipomtaja, Mkuu alivua miwani. Alimfahamu tangu siku anaandikishwa, na hakuwahi kumsikia akisema hata "ndiyo". Kijana wa kompyuta alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama, mimi niliona ni hewa tupu," alisema. "Nisamehe. Zile ndefu bado ninazo zote, sikufuta hata moja."

"Zirudishe," Mkuu alisema. "Anayelalamikia bando mlete kwangu. Na wewe, Mwalimu, kidato chako kikamate mpaka mtihani. Mimi sikukuambia kitu."

"Sikusikia kitu, mkuu."

Jioni ile Mwalimu alikaa uani na simu. Tangu Jumamosi alikuwa amemjibu binti kwa maandishi tu, "Nimepata, mwanangu. Naomba nimsikilizishe mkuu," kwa sababu hakuwa na hakika amwambie nini zaidi. Aliwahi kusema "vizuri sana" mara nyingi kuliko nywele zake, na zile za kwenye simu alizirusha hewani tu, bila kujua kama kuna anayezipokea. Alishikilia kitufe.

"Swali la kwanza ulikosa," alisema, "ukajisahihisha mwenyewe, wala hukukubali nikusifu kwa uongo. Vizuri sana, mwanangu. Hii nakupa wewe, na nimekusikia."