Chifu wa Milimani Ndani ya Kabati la Bibi

Nilijifanya jini mahaba wa khalati yangu, siku ya posa yake, nikiwa nimefungiwa kabatini. Nakiri mapema ili msije mkanionea huruma katikati.

Khalati ni mdogo wake mama. Babu alimpa hiba nyumba yetu ya hapa mjini, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kabla hajafa, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Tangu hapo waposaji hawakwisha, wote wakitazama dari kuliko kumtazama yeye. Huyu wa mwisho alikuwa tofauti nao: shekhe, yaani mkuu wa kijiji cha juu milimani, aliyefiwa na mke, tena alikwishakubali kushuka aje kukaa nasi, ili khalati asimwache bibi. Khalati alianza kuimba jikoni. Kilichobaki ni mama wa shekhe kuja kumwona.

Sebuleni wanawake peke yao. Mimi, kijana wa miaka kumi na sita, nilitakiwa niwe msikitini. Nikaingia kwenye kabati kubwa la nguo la humo sebuleni, lile lililotoka Unguja, nisikie wanavyosemana. Sasa bibi ana tabia: wageni wakija, hufunga kila chenye kitasa. Akapita na shada lake la funguo, krrr, akaenda zake.

Saa nzima. Mablanketi, dawa ya nondo, moshi wa udi unapenya tundu la ufunguo na kunikaa kooni. Nje wageni wamevua mitandio, wanacheka, wanakunywa kahawa. Ndipo nikapiga chafya.

"Bismillahi! Nani humo?" akauliza mama wa shekhe, kwa Kiarabu.

Ningesema "mimi", yakaisha. Badala yake ulimi ukakimbilia riwaya za mapenzi za Kizungu anazosoma khalati, zile za machifu wa nyanda za juu waliokufa zamani, wanaotoka kwenye ukungu kumfuata binti tajiri. Nikanguruma kwa Kiarabu cha vibonzo: "Mimi ni chifu wa milima. Nimekufa miaka mia mbili. Mrithi wa nyumba hii ni mchumba wangu!"

Nikangoja wacheke. Hakucheka mtu.

Tunduni nilimwona khalati amefumba macho. Alinijua. Bibi pia alinijua. Lakini waseme nini? Kwamba mwanamme mzima alikuwa humo akiwachungulia wageni vichwa wazi? Aibu hiyo haifutiki. Bora jini. Hapo nikafahamu kuwa hata mlango ungefunguliwa, nisingeweza kutoka.

Bibi akajikohoza, akaanza kwa Kiswahili. Mama, amekaza meno, akawa anawatafsiria wageni.

"Ewe bwana mkubwa, nnakuuliza kwa adabu. Mwislamu wewe?"

"Naam."

"Wasali?"

"Baadhi ya siku."

"Ndo maana. Jini la hovyo. Wataka nini umwache mwanangu?"

"Halua," nikasema, sauti ikinikatika. "Na maji."

"Halua hupati. Mwache hivyo hivyo."

"Nimemwacha."

"Mlima gani huo wako?" akaingilia mama wa shekhe. "Majini wa kwetu twawajua kwa koo zao."

Sikujua jina la mlima hata mmoja. Jasho linaniingia machoni, na mkono nauogopa hata kuuinua kujifuta.

"Basi si wa mlima," akakata shauri. "Huyu ni wa nyumba. Binti nimempenda, namtaka. Lakini mwanangu hatolala hapa hata siku moja. Bibi harusi atapanda kwetu."

Khalati alifumbua macho. Akamtazama bibi, akazitazama kuta, mwisho akalitazama kabati, muda mrefu.

"Sawa," akasema.

Wageni walipoondoka, mama ndiye aliyefungua. Nilitoka pamoja na mablanketi, nikabaki sakafuni. Mama alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya nazi.

"Dada yangu anahama nyumba aliyopewa na baba yake kwa ajili yako," akasema. "Kila jioni yeye ndiye anayemkanda bibi yako miguu. Haya, shika mafuta, uanze leo."