Mashine Iliyogoma Mama Bisibisi Alipoenda Likizo

Jumatatu ile, saa mbili na dakika kumi asubuhi, darubini kubwa ya chuo chetu ilitoa mlio wa ajabu, ikazima, ikakataa katakata kuwaka.

Ilikuwa siku ya kwanza ya likizo ya Mama Bisibisi.

Kufika saa nne watu walishaanza kunong'ona. Mlinzi wa getini akasema yule mama ameifunga mashine yake kwa dawa. Nikacheka.

Saa sita profesa mzima wa fizikia akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama niliwahi kumwona akifukia kitu karibu na mashine.

Hapo sikucheka tena.

Mama Bisibisi ni fundi wa maabara. Jina alipewa na wanafunzi, maana mfuko wa koti lake jeupe haukosi bisibisi tatu, na akikukaripia anakuelekezea moja. Darubini yenyewe si ile ya kuchungulia kwa jicho moja. Ni dude lenye ukubwa wa kabati la nguo, unywele ukiuweka humo unaonekana kama gogo.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, nasomea shahada ya uzamivu. Kwa miaka miwili niliingia kila asubuhi, nikamwamkia, nikakuta mashine imeshawaka. Nakaa, natazama ukungu wangu unaoua mahindi, naondoka. Nilijua mashine nzuri ndivyo zilivyo, zinajiamkia zenyewe.

Yeye alikuwa akiniita Daktari Mtarajiwa. Nilidhani ni heshima.

Sasa, siku hiyo nilikuwa na majani ya mahindi yenye ugonjwa unaokausha shamba zima ndani ya wiki mbili. Nimeyalea miezi mitatu kama kichanga. Ukishayakata, una siku moja tu kabla hayajaoza.

Nilikuwa nimeshayakata.

Mkuu wa idara akaja, akavua koti, akabonyeza kila kinachobonyezeka. Akasema tatizo ni kompyuta. Profesa wa fizikia akasema ni umeme. Wakabishana kisomi dakika arobaini, mashine imenyamaza, inawasikiliza tu.

Nilipopendekeza tumpigie mwenyewe, Mkuu akasema tusimsumbue mtu aliye likizo. Huruma hiyo mama wa watu hajawahi kuonyeshwa siku akiwa kazini.

Saa tisa nilishindwa kuvumilia. Nikapiga.

Akapokea huku mtoto analia nyuma yake. Binti yake alikuwa amejifungua juzi yake. Nikampongeza kwa kupata mjukuu, kisha nikamwaga shida zangu zote. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ililia kama nini kabla ya kuzima?"

"Ililia tu, mama."

"Kulia kuko kwa namna nyingi, mwanangu. Hebu lia nisikie."

Nikageuka. Mkuu wa idara ananitazama. Profesa ananitazama. Mlangoni kuna wanafunzi wanane, na wawili kati yao nawafundisha mimi.

Nikafumba macho, nikalia kama mashine. Nikaanza na mvumo, nikaupandisha, nikamalizia na kikohozi.

Kwenye simu Mama Bisibisi akauliza:

"Hicho kikohozi kilikuwa kimoja au viwili?"

"Viwili."

"Basi haiumwi. Ina kiu."

Akanielekeza. Nyuma ya mashine kuna bomba la maji ya kuipoza, linapita ukutani hadi kwenye chumba cha mafagio. Huko kuna chujio. Maji ya chuo huja na mchanga, kwa hiyo chujio hujaa kila siku, na kila siku saa kumi na mbili alfajiri yeye hulifungua na kuliosha, sisi tukiwa bado tunageuzana na mito.

Akaniuliza kwa nini hatukusoma karatasi aliyotuachia mlangoni, yenye maelezo yote na michoro. Nikaenda kutazama. Ilikuwepo kweli. Juu yake mtu alikuwa amebandika tangazo la mhadhara wa Mkuu wa idara.

Mkuu akalibandua tangazo lake taratibu, akalikunja, akalitia mfukoni.

Tukaingia chumba cha mafagio. Mimi nimeshika spana, profesa wa fizikia ameshika ndoo. Ndani ya chujio tukakuta soksi ya nailoni imejaa mchanga. Kumbe Mama Bisibisi aliomba kipuri halisi miaka mingi nyuma, hakujibiwa, akatoa soksi yake.

Tukaifua, tukairudisha. Dakika ishirini baadaye mashine ikaanza kuvuma. Profesa akapiga makofi, kisha akakumbuka yeye ni nani, akaacha.

Majani yangu nikawahi kuyatazama kabla hayajaoza. Nikapiga tena kumshukuru, nikamwagia sifa zote nilizonazo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole nisichoke sana, maana alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu na sisi. Hospitali moja ilimtaka, na alikuwa amekubali.

Nikauliza kwa nini.

"Miaka kumi na minne najaza fomu ya kupandishwa cheo," akasema. "Sijawahi kujibiwa hata hapana."

Nilikaa kwenye kiti kama mtu aliyepigwa kofi. Kichwani nilikuwa nahesabu asubuhi zote nilizoikuta mashine imewaka.

Kesho yake nikamfuata Mkuu wa idara. Nilitegemea anitimue, lakini aliduwaa. Akasema yeye husaini zile fomu kila mwaka na kuziandikia maneno mazuri. Tukaongozana hadi ofisi ya utumishi. Afisa akapekua makabati mawili, hakuona fomu hata moja. Akauliza juu huwa zimeandikwa idara gani.

"Kitengo cha darubini," Mkuu akajibu.

"Aa. Chochote chenye darubini sisi hupeleka stoo."

Tukaenda stoo. Mtunza stoo, mtu nadhifu mwenye faili la kila kitu duniani, hakuchukua hata dakika. Akatoa jalada la kijani. Juu limeandikwa: Darubini kubwa moja, meza mbili, fundi mmoja.

Ndani kulikuwa na fomu kumi na nne za Mama Bisibisi, zimepangwa vizuri kabisa mwaka hadi mwaka. Kila moja ina mhuri, na chini ya mhuri yameandikwa kwa wino wa bluu maneno haya haya:

"Kipo. Kinafanya kazi."

Mwaka wa tisa alikuwa ameeleza kwamba mgongo unamuuma, anaomba kiti cha kuegemea. Pembeni mtunza stoo ameandika: "Kipelekwe karakana."

Chuo kizima kilikuwa kimemhesabu yule mama kama kifaa, tena kila mwaka, kwa uaminifu.

Mkuu hakucheka. Alilichukua lile jalada akaenda nalo kwa makamu mkuu wa chuo, kwa miguu, kwenye jua. Sijui walizungumza nini. Najua alitoka huko akijifuta uso.

Mama Bisibisi aliporudi kulikuwa na barua mbili mezani kwake. Moja ilimpandisha cheo kuanzia mwaka ule aliostahili. Nyingine ilikuwa ya Mkuu, ya kuomba radhi, ameiandika kwa mkono. Nikampa na jalada, roho mkononi.

Alisoma fomu zote kumi na nne. Alipofika kwenye neno karakana akacheka hadi akavua miwani. Kisha akalifunga jalada.

"Kila mwaka naandika nipo," akasema. "Wao wanasoma kipo."

Nikamwomba asiondoke. Akasema atafikiria, lakini sharti aletewe fundi wa pili wa kumrithisha kazi. Na mpaka huyo apatikane, chujio litaoshwa kwa zamu, saa kumi na mbili alfajiri, maprofesa wakitangulia. Zamu ilianza wiki ile ile, Mkuu akiwa wa kwanza na ndoo yake.

Hospitali ilimsubiri hadi ikachoka.

Nawe unayesoma, angalia kazini kwako. Kama kuna kitu hakijawahi kukusumbua hata siku moja, usiseme ni kizuri. Uliza kinamsumbua nani, kisha nenda ukamwamkie kwa jina lake.