Homa Iliyotoka Zizini

Asubuhi ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya mvua, mwanangu, ile mvua ya Sotik inayoanza kabla watu hawajaamka na haina haraka ya kwenda popote. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa na koti jeupe nililolipiga pasi ya makaa mwenyewe, na ufunguo wa maabara niliuvaa shingoni ili kila mtu auone. Kituo chetu cha afya kilikuwa kidogo, juu ya kilima, chai upande huu na malisho ya ng'ombe upande ule. Kabla yangu hakikuwa na mtu wa maabara. Damu ilisafirishwa hadi hospitali ya wilaya, na majibu yakirudi mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Kisha nikaja mimi, Kemunto, msichana kutoka Kisii, na hadubini moja. Watu waliniita daktari. Sikuwakataza.

Nakusimulia wewe unayeanza kazi hii ya kutafuta magonjwa, iwe ni ya watu au ya mifugo, kwa sababu ninaijivunia kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Lakini siwezi kukuonyesha ninachojivunia bila kukuonyesha kwanza kinachoniaibisha.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Kiprono. Alikuwa wa umri wangu, mwenye mtoto mmoja na mimba ya miezi minne. Alichuma chai kwenye shamba lao dogo na kukamua ng'ombe watatu wa mama mkwe wake. Alikaa kwenye benchi, kitambaa kimelowa mabegani, akaniambia, "Daktari, homa inakuja jioni, asubuhi inaniacha. Mgongo unauma kama mtu amenikalia. Nikilala natoa jasho mpaka blanketi inalowa."

Nilimtoa damu kidoleni, nikaipaka kwenye kioo, nikaitia rangi, nikainama kwenye hadubini. Hakuna kitu. Nikasogeza kioo, nikatafuta tena. Hakuna. Nje kulikuwa na foleni, na kutoka chumba cha pili Odhiambo, daktari wetu, kijana aliyetoka upande wa ziwa, aliita, "Dada, malaria iko ama haiko?"

Hapo ndipo nilipoona kidoa cha zambarau pembeni mwa kioo. Nilijua ni nini. Ilikuwa rangi ambayo sikuichuja vizuri. Nilijua kabisa, mwanangu, wala usije ukanitetea. Lakini nilichukua kalamu nikaandika malaria.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka mingi. Nadhani niliona aibu kutoka na mikono mitupu. Kituo kilinisubiri, watu walinisubiri, halafu mimi na hadubini yangu tuseme hatuoni kitu? Nilifikiri kutokuona ni sawa na kutojua kazi.

Akameza dawa za malaria. Baada ya wiki mbili akarudi, homa ile ile, mgongo ule ule, sasa na magoti. Safari hii nilipima taifodi. Katika kipimo kile, damu yenye taifodi hugandisha chembe; zake ziliganda kidogo tu, kiasi ambacho mtu makini angesema turudie. Mimi nikaandika zimeganda sana. Odhiambo aliniamini, akampa dawa za taifodi.

Mara ya tatu hakuja kwangu. Alipelekwa moja kwa moja chumba cha kujifungulia, na mimba ikatoka. Nilipita mlangoni nikamkuta mama mkwe wake amekaa nje kwenye kiti cha mbao. Wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mzee mrefu, mwenye shuka lililofungwa begani, na ng'ombe wote walikuwa wake. Aliniangalia akauliza, "Hiyo malaria yako, daktari, ndiyo imefanya hivi?"

Nikasema, "Pole, Kogo." Nikaenda kujifungia maabara.

Siku ya tatu mtu alibisha hodi. Alikuwa Mzee Arap Maritim, daktari wa mifugo wa eneo letu, mtu mfupi aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuwahi kukanyaga kwangu hata siku moja. Alivua buti zake za mpira nje ya mlango ili asiniletee tope, akaingia na soksi.

"Binti," alisema, "nimetoka kwa kina Mama Kiprono. Ng'ombe mmoja alitupa ndama wa miezi saba. Juzi wa pili naye ametupa. Sasa nasikia hata mama mwenyewe amepoteza mimba. Wewe uliona nini kwa damu yake?"

"Malaria," nikajibu. "Halafu taifodi."

Aliitazama hadubini yangu. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Uliona, ama uliandika?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ningeweza kukasirika, nilikuwa na cheti ukutani, na yeye alikuwa mtu wa ng'ombe. Lakini sauti yake haikuwa na dharau. Nikasema, "Niliandika."

Akavuta kiti, akakaa. "Mimi nimepima ng'ombe tangu kabla hujazaliwa. Wengi sijui wanaugua nini. Nasema sijui, naenda naangalia nyasi, naangalia maji, nauliza jirani. Sasa wewe ukiandika kitu hukukiona, daktari wako ameacha kutafuta. Mgonjwa naye ameacha. Hata mimi, ningesikia ni malaria, ningeacha." Akainuka. "Vaa viatu vya tope. Twende."

Tulishuka kilima kwa miguu, tukipita katikati ya chai. Nyumbani kwa Kogo, Arap Maritim hakuanza na mgonjwa. Alianza na maswali ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria. Nani alimzalisha ng'ombe wa kwanza? Mama Kiprono, kwa mikono mitupu. Kondo la nyuma lilitupwa wapi? Mbwa walikula. Dume la kupanda lilitoka wapi? Kwa jirani, linazunguka kijiji kizima. Na maziwa?

"Maziwa ya kuchemsha ni ya chai," Kogo alisema, kama aliyeulizwa jambo la kitoto. Ya kunywa yalinywewa yakiwa na joto la kiwele, na mengine yalikwenda kwenye vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandisha ambayo nyumba ya Kikipsigis haikosi, vibuyu vyenyewe vimesuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet.

Arap Maritim alinigeukia. "Hii nafikiri ni bruselosi. Inatupa ndama, inapita kwa maziwa, inapita kwa mikono. Kwa mtu inakuja kama homa isiyoisha. Lakini nafikiri tu. Wewe ndiye utasaidia kujua."

Nilirudi kituoni nikamwambia Odhiambo ukweli wote, malaria na taifodi. Alikwenda dirishani, akanipa mgongo. Akasema, "Nilimpa dawa mbili zisizo zake, dada. Kwa mkono wangu." Hakunifokea, na nilitamani angenifokea. Akaandika barua, na siku hiyo hiyo damu ya Mama Kiprono ikaenda hospitali ya wilaya kupimwa bruselosi.

Kumwambia mgonjwa mwenyewe ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa nyumba yake. Nilimweleza kwamba sikuona malaria, niliandika tu, na kwamba pengine ugonjwa umetoka kwa ng'ombe. Nilisubiri matusi. Yeye aliuliza, "Kwa hivyo si mimi nimelaaniwa?"

Kumbe ndivyo alivyokuwa akisikia kisimani. Ng'ombe wanatupa, na yeye anatupa. Watu walikuwa wameshaamua ni mwanamke wa namna gani. Nikamwambia, "Hapana, hujalaaniwa. Unaumwa." Akafuta macho. Halafu hasira ikamjia, na ilikuwa haki yake. "Ungeniambia tu hujui," alisema, "ningeenda kwingine."

Mwanangu, hayo maneno nimeyabeba. Huenda mimba ile isingeokoka hata ningesema kweli. Hilo silijui, na sitajifanya najua. Lakini alikuwa na haki ya kutafuta, na mimi nilimnyang'anya.

Majibu yalirudi. Ilikuwa bruselosi. Arap Maritim naye alipima ng'ombe watatu, wawili wakawa nao. Mmoja alikuwa Sambu, ng'ombe wa mabakamabaka, ambaye Kogo alimpenda waziwazi kuliko baadhi ya watoto wake. Hakuna tiba ya maana kwa ng'ombe wa namna hiyo. Akibaki, ataambukiza zizi zima. Kogo alikataa siku nne. Siku ya tano alimfunga Sambu kamba mwenyewe, akatembea naye hadi kichinjioni mbele ya mkaguzi wa nyama, akarudi na kamba imekunjwa mkononi.

Mama Kiprono alipewa dawa za aina mbili, za wiki sita bila kuruka. Wiki ya tatu homa ilikuwa imekwisha, na nikasikia anachuma chai akiimba. Nikashtuka, maana mgonjwa akijiona mzima huacha dawa. Nilishuka kilima, nikamkuta ameziweka dawa juu ya kabati. "Nimepona, zinanichafua tumbo," alisema. Nilikaa jikoni kwake mpaka akameza mbele yangu. Tangu hapo nilipita kila asubuhi nikienda kazini. Alinizoea. Kuna siku alinikaribisha chai, nikajua amenisamehe, ingawa hakulisema kamwe.

Yalibaki maziwa. Kogo alisema mursik ya maziwa yaliyochemshwa ni dawa ya kuhara, si chakula cha wageni. Arap Maritim hakubishana naye. Alimwomba atengeneze kibuyu kimoja tu: maziwa yachemke, yapoe kabisa, ndipo yaingie kibuyuni. Siku zilipotimia tukaitwa. Kogo alimimina, akaonja, akatazama dari. "Si mbaya," akasema. Baada ya mwezi alikuwa akiwafundisha majirani, huku akimwambia kila mmoja kwamba wazo hilo ni lake yeye. Tulimwachia. Lilikuwa lake.

Mwaka uliofuata Mama Kiprono alijifungua mtoto wa kike jioni, ng'ombe wakirudi nyumbani, akaitwa Cherotich, jina la wasichana wanaozaliwa saa hiyo. Mimi sikuwa na kazi yoyote chumbani mle. Nilisimama nje nikasikia kilio chake, na sitakuficha, nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyezaa.

Na sikujivuna peke yangu. Odhiambo, Arap Maritim na mimi tulikuwa tumeanza kukutana kila Ijumaa asubuhi kwenye chumba changu. Mzee alituambia ni nyumba gani ng'ombe ametupa au mbwa ameanza kuuma ovyo. Sisi tulimwambia ni kijiji gani kina homa isiyoeleweka. Hatukutaja majina ya wagonjwa bila ruhusa yao. Watu walicheka: madaktari wa watu wanakaa kikao na daktari wa ng'ombe! Wakacheka mpaka ndama jike wa eneo zima wakapata chanjo, mpaka kutupa mimba zizini kukawa habari ya kushangaza. Siku za soko Mama Kiprono alikuja nasi hadi Siongiroi, akasimama mbele ya wafugaji waliomzidi umri, akasema, "Mimi niliumwa hii kitu. Nisikilizeni." Walimsikiliza kuliko walivyotusikiliza sisi wenye makoti.

Arap Maritim ametangulia. Siku ya mazishi yake chai haikuchumwa katika kilima chote kile. Mimi nimestaafu, goti linanisumbua, na bado nikisikia mtu ana homa naanza kumuuliza habari za mbuzi wake. Wajukuu wangu wanaona aibu. Mimi sioni.

Nyinyi vijana mna vipimo ambavyo sisi hatukuviota. Majibu yanatoka kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye benchi. Nawafurahia sana. Lakini hakuna mashine inayoweza kuandika ukweli ikiwa aliyeshika kalamu hataki. Kama hujaona kitu, andika kwamba hujaona, na kwa hati inayosomeka. Halafu usiishie hapo. Toka nje, uliza anakunywa nini, anafuga nini, nani alimzalisha ng'ombe, mbwa aliyemuuma yuko wapi. Mtu wa mifugo asiwe mgeni kwako. Waambie watu wachemshe maziwa, wavae glavu wakimsaidia mnyama kuzaa, wamzike ndama aliyetupwa shimo refu, na wamalize dawa hata wakijisikia vizuri. Waambie kwa upole, jikoni kwao, na ukubali chai wakikukaribisha. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, nenda kwa uliyemkosea mapema, kabla hajasikia kwa mwingine.

Basi nenda kazini, mwanangu. Mungu akulinde na kila ugonjwa utakaoufuata mpaka mlangoni mwake. Akujalie wazee wa kukuuliza maswali magumu, na moyo wa kuwajibu. Nyumba utakazoingia zipate watoto wazima na ng'ombe wenye ndama, na ukizeeka, watu wa vilima hivi wakusalimie kwa jina lako.