Gari la marehemu limerudi

Leo nimerudishiwa sadaka yangu.

Mnalikumbuka lile gari la kifahari la mume wangu, lile la mbio? Alipofariki nililitoa kwa kituo cha yatima njia ya Mishamo, maana kuliona uani kila asubuhi kulikuwa kunanimaliza.

Leo mama mlezi wa kituo kalileta, limevutwa na trekta, tope mpaka vioo.

"Dada, utusamehe. Kule kwetu linagusa chini kila shimo. Kama ile baiskeli ya marehemu bado ipo, hiyo tutaipokea kwa mikono miwili."

Nikatoa baiskeli. Nyie mngekataa?

Alipoondoka nikakaa kwenye kiti cha dereva.

Wamekisogeza mbele.

Nikajaribu kukirudisha nyuma, alipokiweka mume wangu kwa miguu yake mirefu.

Sikumbuki kilikuwa kinaishia wapi.