Mashine ya Mama Katika Ramani ya Mji

Mimi nimekulia nyuma ya mashine ya kusaga, na ukimya haujawahi kunifaa. Katika nyumba yetu ya Majengo, mjini Goma, palikuwa na ukuta mmoja tu kati ya kitanda changu na injini ya mazutu, yaani dizeli. Asubuhi mama alipoiwasha, sahani zilitetemeka kabatini, nasi watoto tukageukia upande wa pili tukaendelea kulala. Wageni walishtuka wakidhani volkano imeamka tena. Tuliwacheka hadi chai ikapoa.

Mashine ilikuwa ya mama. Baba alipofariki aliiacha ikiwa mbovu, na mama ndiye aliyeifufua, akajifunza kubadilisha chujio na kukaza mkanda mwenyewe, wakati wajomba zangu wakimshauri aiuze kama chuma chakavu. Wanawake wa mtaa walimletea mahindi, mihogo na mtama, kila mmoja na beseni lake. Alijua nani anataka unga laini na nani anapenda wa kukwaruza koo. Kumwondoa kwenye mashine ile kulikuwa kumwondoa duniani. Niliamini hivyo, na bado naamini.

Kisha wakaja watu wa ofisi ya mipango ya mji. Mmoja wao, kijana mpole mwenye viatu vyeupe, jambo la ajabu katika mji wa vumbi jeusi, alikunjua ramani juu ya magunia yetu. Njano ni mahali pa watu kuishi, alieleza, na zambarau ni mahali pa viwanda. Majengo yote ilikuwa njano. Kelele zetu na vumbi la unga havikuwa na nafasi humo, na wakati anaeleza, mwenzake alikuwa nje anachora msalaba mwekundu ukutani, alama ya kwamba mashine ifungwe. Mama akauliza zambarau iko wapi. Kidole cha kijana kilisafiri magharibi kwa barabara ya Sake, kikapita Mugunga, kikasimama kwenye mawe matupu.

Nilikichukia kidole kile. Lakini sitasema alitudhulumu, maana jirani yetu wa nyuma alikuwa akikohoa unga wetu mwaka mzima na hakuwahi kulalamika, kwa kuwa alimheshimu mama. Tulizima mashine, tukaomba kiwanja huko zambarau, tukapewa. Seremala wa mtaa wetu alipata cha kwake ng'ambo ya njia, na mtengeneza sabuni akapata kando yetu.

Sasa, mtu wa Goma akipata kiwanja hakiachi wazi hata kidogo. Ukikipa kisogo, ukirudi utamkuta mwingine ana karatasi zake na ameshapanda maua. Kwa hiyo kitu cha kwanza si kumwaga zege. Unapigilia kijumba cha mbao na kuweka watu ndani, wapike, waanike nguo, moshi uonekane. Mama aliweka familia iliyoshuka kutoka vilima vya Masisi ikikimbia vita: baba, mama na watoto wao. Seremala akaweka walinzi wake, mtu wa sabuni akaweka wake, na wengine vivyo hivyo hadi mwisho wa zambarau. Tulijiona wajanja sana.

Halafu tukangoja. Vipuri vya injini vilikwama njiani. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mashine ikakaa uani chini ya turubai, nami nikawa kiguu na njia kati ya Majengo na Mugunga. Nikiwa nyumbani niliona tunaibiwa kule. Nikiwa kule niliona mama anazeeka peke yake nyumbani, akifagia ua ambao haukuwa na unga wa kufagia. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande, na kila aliyeniuliza habari ya mashine nilimjibu vibaya.

Na kila nilipofika kule nilikuta mabati mapya. Walinzi walileta ndugu zao waliokimbia, na ndugu wakaleta ndugu. Kwa mtu wa sabuni maharage yaliota katikati ya mawe. Likazuka kanisa la turubai, kikafuata kibanda cha kuchaji simu, ikafuata shule ya mbao yenye rimu ya gari badala ya kengele. Mlinzi wetu, yule mama wa Masisi, alinipa chai kila mara na kunieleza mtoto gani ameota jino. Niliinywa nikiwa nimesimama. Niliona yote hayo kwa macho yangu na bado nilihesabu kwamba pale ni mahali pa viwanda.

Hatimaye vipuri vilifika, zege likakauka, mashine ikapakiwa kwenye lori. Siku ya kuijaribu mama alivaa kitenge kipya, akaipangusa injini kwa upindo wake bila kujali. Ilipokubali kuwaka, nilicheka peke yangu kwa sauti. Kwa mara ya kwanza tangu Majengo mwili wangu ulitulia. Watu walianza kutoka kwenye nyumba za mbao kuja kwetu, nami nikadhani wanaleta mahindi. Mikono yao ilikuwa mitupu. Mkubwa wa mtaa huo mpya alitangulia, akamwomba mama kwa heshima azime, kwa sababu watoto hawamsikii mwalimu, na hapa wanaishi watu.

Tulimwita kijana wa ofisi. Alikuja na viatu vyake, bado vyeupe, akatazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia. Akasema ramani inapitiwa upya, na sehemu hii itageuzwa njano, isipokuwa kama wenye viwanja watawaondoa watu wao kabla hajarudi kupima.

"Plan inafuata batu, mama," alisema.

Nilimuuliza mbona mpango huo haukutufuata sisi watu tulipokuwa Majengo. Akakunja ramani yake.

Seremala hakungoja. Mchana uleule tulisikia misumari inang'olewa ng'ambo ya njia na watoto wanalia. Nilimwambia mama tufanye hivyo hivyo: kiwanja ni chetu, na walijua tangu mwanzo kwamba ni walinzi tu. Hata leo ningesema vilevile. Mama akamwita yule mama wa Masisi, akamkumbusha makubaliano kwa sauti ya chini. Mwanamke yule alikuwa na mtoto mgongoni. Hakulia wala hakupiga magoti.

"Mama, ulituweka hapa juu parcelle isibakie wazi," alisema, akionyesha kiwanja kwa kidevu. "Sasa haiko wazi tena. Batoto bamezoea hapa. Twende wapi?"

Mama aliizunguka mashine polepole, akagusa injini, akagusa mdomo wa kumiminia mahindi. Nilitamani aseme neno lolote, hata la kunitukana, maana kusimama pale kulikuwa kunaniua. Mkanda ndio unaounganisha injini na kinu. Ukiutoa, kinachobaki ni vyuma viwili visivyojuana.

"Tutoe mukaba," akaniambia, akiushika mkanda.

Familia ile bado iko kule, na mashine imerudi uani kwetu. Mama haizungumzii. Juzi nilimtafuta nyumbani nikamkosa, nikazunguka mtaa mzima roho juu, hadi jirani akaniambia ameelekea Keshero. Huko kuna mashine ya watu wengine ambayo ofisi haijaifikia. Nilimkuta kwenye foleni kati ya wanawake, beseni la mahindi kichwani, shingo imenyooka, hakuna aliyejua ni nani. Machozi yalinitoka, nami si mtu wa kulia. Nilimshika mkono nikamwambia turudi nyumbani, nitamtuma mtu aje kusaga.

Hakunitazama. Alikuwa anasikiliza injini.

"Mukaba yabo imelegea," alisema, kisha akasogea mbele, kwa sababu zamu yake ilikuwa imekaribia.